Alama Nyekundu Kwenye Filta

Kutoka machimbo ya upande wa Shabunda hadi Bukavu nilitumia siku kumi na moja. Siku nne za kwanza nilitembea nyuma ya wabeba mizigo, mbili nilizipitisha juu ya pikipiki nikiwa nimekumbatia begi langu kifuani, na zilizobaki nilizimalizia juu ya lori lililozama kwenye matope kila baada ya kilima. Likizama, tulishuka wote, tukakata miti, tukaitandika chini ya magurudumu, tukasukuma. Kila aliyesukuma alikuwa na jicho moja kwenye mzigo wake. Mimi begi langu sikuliacha juu hata mara moja. Nilisukuma nikiwa nimelivaa.

Ndani yake mlikuwa na chuma cha kulehemu, mita ya kupimia umeme, bisibisi sita na suruali mbili. Machimboni nilikuwa natengeneza redio na ampli, yaani vikuza sauti vya vilabu, na nilikuwa na sehemu yangu kwenye shimo moja pamoja na wenzangu watatu. Kule kuna sheria ambayo haijaandikwa popote: mchanga wa dhahabu hauoshwi na mtu mmoja. Siku ya kuosha mnachuchumaa wote kuzunguka beseni, na hata anayekohoa hageuzi macho. Siku moja nilirudi kutoka kununua chumvi, nikakuta beseni limelowa na wenzangu wakizungumza habari za mvua. Kesho yake nilishika njia.

Ndivyo nilivyokuwa nikiishi. Kabla ya hapo nilikuwa Kalemie, na kabla ya Kalemie nilikaa misimu miwili Luberizi, kwenye tambarare ya Ruzizi, nikitunza mashine ya kukoboa mpunga. Kila mahali ninapakumbuka kwa sauti yake. Luberizi ni vyura na mkanda wa mashine unaopiga kofi. Hadi leo nikiona mchele mweupe nasikia ule mkanda. Nilipenda kila mahali baada ya kupaacha.

Kwenye lori nilikaa karibu na mwanamke aliyekuwa akirudi Bukavu na magunia yake ya mawese. Aliponiona nikimtengenezea dereva redio, akaniambia kwamba huko kwao Kasha, mwisho wa Bagira, kuna maman mmoja mjane anayekodisha vyombo vya muziki kwa harusi na matanga. Anatafuta mtu wa kuviendesha. Nikamuuliza kwa nini hana mtu. Akacheka, akasema alikuwa nao watatu, mmoja baada ya mwingine, na wote aliwafukuza kwa kuwashuku.

Nilifikiri: huyo tutaelewana.

Tulishuka Panzi asubuhi, miguu ikiwa imevimba. Nikavuka mji mzima hadi upande wa pili, nikapanda Bagira, nikaulizia Kasha, na kabla ya saa nane nilikuwa nimesimama mbele ya nyumba ya matofali yenye bati jekundu. Barazani palikuwa na meza ya seremala na mwanamume wa miaka hamsini na kitu akiranda ubao. Huyo alikuwa mdogo wa marehemu mume wa maman. Mtaa mzima ulimwita tonton, yaani baba mdogo, nami nikamwita hivyo. Alitengeneza vitanda, milango, na majeneza yakihitajika. Hakuniuliza natoka wapi. Alitazama viatu vyangu akasema, "Mwenga, ao mbali kuliko Mwenga?" Nikamwambia mbali zaidi. Akaendelea kuranda.

Maman alitoka akiwa na funguo shingoni, zimefungwa kwa kamba moja na rozari yake. Alikuwa mnene, mwenye sauti ndogo, na alikuwa na tabia ya kutazama mikono ya mtu kabla ya uso. Alinifungulia depo, stoo iliyokuwa nyuma ya jiko. Vyombo vilikuwa vimefunikwa kwa vitenge vya zamani: bafle kubwa mbili, makasha ya spika ya kusimama kulia na kushoto, boksi la besi pana kama sanduku la nguo, ampli mbili, meza ya sauti, na juu ya ampli kisanduku chembamba cha filta.

Yeyote asiyefanya kazi hii atapita karibu na filta bila kuiona. Kazi yake ni kugawa. Sauti nzito, za ngoma na gitaa la besi, inazipeleka kwenye boksi la chini. Zinazobaki inazipeleka kwenye bafle mbili. Ina kitufe kimoja cha kuzungusha, ambacho kinaamua mpaka uwe wapi. Ukiuweka chini, kwenye hertz themanini hivi, boksi linabaki na mngurumo tu, na sikio halijui mngurumo unatoka wapi. Ukiupandisha, boksi linaanza kuchukua hata sauti za wanaume wanaozungumza.

Kitufe cha filta ya maman kilikuwa kwenye mia na sitini. Kilikuwa kimepakwa tone la verni nyekundu, ile rangi ya kucha, nusu juu ya kitufe, nusu juu ya bati, ili kikisogezwa verni ivunjike na ijulikane. Misumari ya parafujo ya bafle zote mbili ilikuwa na matone ya verni hiyohiyo. Mafundi wa redio wote wa kwetu hufanya hivyo. Ni kama mhuri.

"Nyuzi unaweza badirisha," maman aliniambia. "Ampli unaweza fungua kama niko. Lakini hii butoni, hapana. Njo fasi yenye bwana yangu aliiachaka."

Kisha akanieleza kwa nini mahali pale alipokiacha mume wake pasiguswe, na ni mara ya pekee siku ile uso wake ulipolegea. Katika miaka yote ya ndoa yao, mume wake hakumshirikisha kazi yake hata kidogo. Ila asubuhi moja alimwita depo, akampa kipaza sauti, akamwambia asome chochote. Akasoma Zaburi. Yeye mume akazungusha kitufe taratibu, ameinamisha kichwa, mpaka akasema hapa, leta verni yako, paka wewe mwenyewe. Akapaka. Mwaka uliofuata mume akafa. Mtaani walimkumbuka kama mtu ambaye hakuna bobini iliyowahi kuungua mikononi mwake. Bobini ni ule uzi wa shaba ndani ya spika, na ukiungua, spika imekufa. Yeye, walisema, alijua kusikia joto kabla halijafika.

Nilikubali masharti. Maman alichukua kadi yangu ya mpiga kura, akaiweka kwenye Biblia yake kama rehani, akanionyesha chumba cha nyuma. Wiki ya pili tonton akaniletea kitanda ambacho hakuna aliyemwomba. Akasema zilikuwa mbao zilizobaki, na kwamba mtu akilala chini muda mrefu huanza kufikiri kama panya. Kesho yake nilipigilia msumari ukutani nikatundika koti. Labda kwa wengine hilo si kitu. Mimi nilikuwa na miaka mingi sijatundika koti.

Tulifanya kazi karibu kila Jumamosi. Maman alisimama mlangoni wakati wa kupakia na wakati wa kushusha, akitaja kila kitu kwa mdomo. Nilimheshimu kwa hilo, hata alipotazama mifuko yangu. Kilichonisumbua kilikuwa kitufe.

Ilidhihirika kwenye harusi moja ya Bagira. Ukumbi ulikuwa mdogo, nikaliweka boksi la besi pembeni, chini ya meza ya keki. Baba wa bibi harusi alipopewa kipaza sauti ili awausie watoto, nusu ya sauti yake ilitoka kwenye bafle na nusu ikatoka chini ya keki. Wageni walianza kugeuka. Bibi mmoja aliinama, akafunua kitambaa cha meza, akauliza ni nani ameketi humo. Watu wakacheka, na mzee akadhani wanamcheka yeye, akafupisha maneno yake. Tulipofika nyumbani maman alisema tu kwamba enzi za mume wake vitu kama hivyo havikuwako.

Nikajibu kwamba kitufe kiko juu mno. Bafle kubwa kama zile, zenye spika za inchi kumi na tano, zinaweza kubeba sauti za wanaume bila msaada wa boksi. Kingekuwa kwenye themanini, mzee angesikika kutoka mbele, alikosimama.

"Kwa hiyo bwana yangu hakujua kazi," alisema.

Hilo ndilo swali nililolala nalo. Mtu anayejua kusikia joto la bobini hawezi kukosea mpaka wa filta kwa kiasi kile. Kwa nini alikiweka pale, na kwa nini akakifunga kwa verni? Nilianza kushuku kwamba kuna kitu ndani ya nyumba ile ambacho sikuambiwa, na kwamba siku moja kitakuja kuangukia juu yangu, mimi mgeni, mtu wa mwisho kushika vyombo. Ni jambo la kawaida. Mwenye kupotelewa hutafuta aliyekuja jana.

Jumapili iliyofuata maman alikwenda misa ya pili. Tonton pia hakuwepo. Siku hiyo maman aliniachia ufunguo wa depo kwa mara ya kwanza, kwa sababu kulikuwa na nyaya za kulehemu kabla ya kazi ya alasiri. Nilizimaliza upesi. Kisha nikakaa nikitazama kitufe.

Nilivunja verni kwa ncha ya bisibisi, nikakirudisha hadi themanini. Nikaweka rumba ninayoijua, ambayo gitaa lake la besi linapanda taratibu kutoka chini. Noti za kwanza zilikuwako, zikitoka kwenye boksi. Kisha zikapotea. Noti nne, tano, kama ngazi iliyong'olewa vipandio vya katikati, halafu gitaa likaibuka tena juu, kwenye bafle. Nikapandisha kitufe hadi mia na sitini, shimo likazibika. Nikashusha, likafunguka. Spika za inchi kumi na tano haziachi shimo pale. Zile hazikuwa za inchi kumi na tano.

Sheria ya beseni niliijua kuliko mtu yeyote Kasha nzima. Ilikuwa inatosha kufunga depo na kumngoja maman arudi, nimwambie lete kiti, kaa hapa, tufungue pamoja. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Nilichofanya ni kuchukua sahani, kuvunja verni ya parafujo moja baada ya nyingine, kuziweka parafujo kwenye sahani, na kutoa wavu wa bafle ya kwanza.

Ndani kulikuwa na spika ndogo ya inchi nane. Ilikuwa imeshikiliwa na pete ya mbao nyembamba, iliyokatwa kwa ustadi kuziba nafasi ya spika kubwa, imepigwa msasa na kupakwa rangi nyeusi. Nikafungua bafle ya pili. Vilevile. Nikachomoa spika na pete yake. Na nilipokuwa nimepiga magoti, nina pete ile mkononi, mwanga wa mlangoni ukapungua. Maman alikuwa amesimama, bado amevaa kitenge chake cha misa.

Alitazama mikono yangu kwanza.

"Wapi spika ya bwana yangu?"

Nilimwambia nimezikuta hivi. Nilijisikia mwenyewe jinsi ilivyosikika.

"Kila mwizi anasemaka hivi. Nilikuta." Hakupaza sauti. Aliketi juu ya boksi la besi, kama anayezuia lisichukuliwe pia. "Verni ilikuwa nzima siku uliingia. Mimi mwenyewe nilikuonyesha. Leo niko kwa misa, verni imevunjika, na ndani iko vitoto."

Kila alichosema kilikuwa kweli. Nilitafuta pa kukimbilia, na mkononi mwangu nilikuwa na pete ya mbao. Kazi ya seremala. Hapo nikakumbuka sumaku ya tonton. Tonton alikuwa na pete nyeusi nzito, kubwa kama sahani, ameifunga kamba, na kila jioni aliiburuta kwenye maranda chini ya meza yake ili iokote misumari. Niliijua tangu siku ya kwanza ni nini. Sumaku ya namna ile hutoka nyuma ya spika kubwa tu. Nilikuwa nimeiona kila siku, na kila siku nilikuwa nimeinyamazia, kwa sababu ya kitanda, nadhani.

Tonton akaingia uani akiwa na mkate chini ya kwapa. Maman akamwita. Aliposimama mlangoni, nilisema bila kumtazama maman.

"Mumuulize tonton. Hii mbao nani alikata? Na ile sumaku ya kuokotea misumari aliitoa wapi?"

Tonton alitazama pete mkononi mwangu. Nilingoja akatae, akasirike, anitukane kwamba mimi ni mtu wa machimboni. Alihamisha mkate kutoka kwapa moja hadi jingine.

"Mbao nilikata mimi," alisema.

Maman akamuuliza spika ziko wapi. Tonton akasema hana neno la kuongeza. Basi maman akatoa hukumu kwetu sote wawili, kwa sauti yake ileile ndogo. Mimi kadi yangu haitatoka kwenye Biblia mpaka spika zirudi, na zisiporudi kufikia Jumatano atakwenda kwa chef wa avenue, mkuu wa mtaa. Tonton aondoe meza yake barazani. Alikuwa amefanyia kazi pale tangu enzi za kaka yake, miaka kumi na tisa. Kazi ya alasiri ile ilifutwa, na kwa mara ya kwanza nikasikia maman akimdanganya mteja kwenye simu, akisema ana homa.

Jumatatu tonton alihamisha mbao zake. Alizibeba mbilimbili, begani, akipita mbele ya mlango wangu, na kila alipopita alisema "pardon," kama kwamba mimi ndiye niliyekuwa njiani. Nilibaki ndani, nimekaa juu ya kitanda chake. Nitasema ukweli: sehemu ya moyo wangu ilikuwa imetulia. Mwizi alikuwa amepatikana, na hakuwa mimi.

Ila kitufe kilikuwa bado kinanisumbua. Kama tonton aliiba spika, ni nani aliyepandisha filta? Tonton hakujua filta ni nini. Mwizi huweka spika ndogo mahali pa kubwa na kukimbia. Hakai kusikiliza shimo na kulitafutia dawa. Aliyekiweka kitufe pale alikuwa na sikio, na alikuwa anajua vizuri kilichomo ndani ya bafle. Kila kitu kilikuwa sahihi kwa spika za inchi nane. Mia na sitini haikuwa kosa. Hapo ndipo penyewe.

Na siku ile alama ilipowekwa, aliyekuwa na kipaza sauti mkononi, akisoma Zaburi, ndiye huyu huyu aliyekuwa jikoni sasa akichambua maharage.

Nilikaa na jambo hilo Jumatatu yote. Nikisema, natoka kwenye lawama, na tonton anatoka. Nikinyamaza, tonton anabeba. Tena anabeba kwa hiari, hilo nililiona; mtu aliyeamua kunyamaza ana mwendo wake. Na maman alikuwa na kumbukumbu moja tu ya mume wake ndani ya depo ile.

Jumanne asubuhi nilipeleka kiti depo. Nikaenda jikoni, nikamwomba maman aje aketi, asione kwa kuambiwa. Akaja na ungo wake wa maharage, akauweka magotini. Nilirudisha spika ndogo mahali pake mbele ya macho yake, nikaweka ile rumba. Nilishusha kitufe hadi themanini.

"Unasikia gitaa?"

"Nasikia."

"Sasa?"

Alisikiliza. Mikono yake iliacha kuchambua. "Imepotea."

Nilipandisha taratibu hadi pale mabaki ya verni yalipokuwa kwenye bati. Gitaa likarudi, lote, noti kwa noti. Nilishusha tena, likapotea. Nikapandisha. Nilikuwa nimepanga maneno ya kufuata, nimeyapanga usiku kucha, lakini alininyooshea mkono ninyamaze. Alikuwa amesikiliza muziki wa vyombo vile kwa miaka mingi kuliko mimi.

"Ukiweka spika kubwa mule ndani," alisema, "gitaa inapotea pale chini?"

"Hapana, maman. Kubwa zingeibeba."

"Basi hangehitaji kupandisha."

"Hapana."

Maharage kadhaa yalianguka kutoka kwenye ungo na hakuyaokota. "Siku nilipaka verni, zilikuwa zimeisha kuwa hivi," alisema. "Alikuwa ananisikiliza mimi ili afiche."

Akanituma nimwite tonton.

Nilimkuta kwa jirani, akipanga mbao zake chini ya turubai. Nilimwambia maman amejua, na kwamba si mimi niliyesema, na papo hapo nikaona aibu ya kuongeza hilo la pili. Alifuta mikono. Alichukua sumaku yake yenye kamba, kisha akapekua ndani ya sanduku la misumari akatoa kopo la maziwa ya unga, lililozibwa kwa mfuniko wake. Alivipeleka vyote viwili depo akaviweka juu ya ampli.

Ndani ya kopo mlikuwa na bobini mbili, nyeusi kama kuni. Harufu ya kuungua ilikuwa bado imo. Tonton alisema yote kwa maneno machache, amesimama. Ilikuwa huko Miti, barabara ya Kavumu, kwenye sherehe ya uwanjani. Watu walikuwa wengi, walitaka sauti zaidi, marehemu alikuwa amekunywa kidogo na akawapa. Bobini zote mbili ziliungua kwa wimbo mmoja. Aliwaambia watu jenereta imeharibika, wakapakia, wakarudi. Njiani alilia. Alimwapisha mdogo wake, na kesho yake wakatafuta spika zozote zilizopatikana, na tonton akakata pete za mbao.

"Alisema akikufa njo nitaweza kusema," tonton alimaliza. "Alikufa, nikaona sasa itasaidia nani."

Maman aligeuza bobini moja kwenye kiganja. Ilimwachia masizi.

"Na mimi miaka hii yote nakushuku."

"Ulinishuku kwa sukari, kwa mkaa na kwa kuku," tonton alisema. "Kwa spika ulianza Jumapili tu."

Pumzi ilimtoka maman puani, karibu kicheko. Kisha akanitazama, mimi, na hapakuwa na kicheko tena.

"Nani alikutuma ufungue?"

Lilikuwa swali la haki. Ningeweza kusema nilitaka sauti iwe nzuri. Lakini nilipokuwa navunja verni ile sikuwa nawaza sauti. Nilikuwa nataka kumkamata mtu.

Alinirudishia kadi yangu siku hiyohiyo. Meza ya tonton ilirudi barazani kabla ya jioni, na nilisaidia kubeba, na tonton alinipa upande mwepesi. Hakuna aliyeniambia niondoke. Jumamosi tulikuwa na harusi, na wakati wa kupakia niligeuka mlangoni kumtafuta maman ataje vitu. Hakuwepo. Alikuwa jikoni. Nilikwenda kumuuliza kitufe nikiweke wapi.

"Weka fasi unapenda," alisema.

Nilikuwa nimekitaka kibali hicho tangu siku ya kwanza. Nilikiweka kwenye mia na sitini, palepale, na boksi la besi nikalivuta katikati ya bafle mbili, mbele, ili sauti ya mwanamume ikitoka humo isionekane inatoka kwingine. Nilichelewa nusu saa nikilitafutia nafasi. Harusi ilikwenda vizuri kuliko zote. Hakuna aliyegeuka kutazama keki. Tuliporudi nilimwambia maman, akasema ni vizuri, na hakuuliza nyaya zimerudi ngapi.

Depo ilianza kukaa wazi. Kufuli lilining'inia kwenye komeo lake bila kufungwa, mchana kutwa. Vile vitenge vya kufunikia vyombo niliviona kwenye kamba ya nguo, vimefuliwa, na havikurudi depo. Chupa ndogo ya verni, ambayo ilikuwa ikikaa dirishani karibu na filta, sikuiona tena. Mimi ndiye niliyebaki nikiwasha taa na kuhesabu nyaya, peke yangu, kama mtu anayelinda beseni tupu.

Nilikaa wiki tatu zaidi. Nilimwonyesha tonton jinsi ya kuunganisha vyombo, waya hadi waya. Alijifunza haraka kuliko alivyotaka nijue. Kwenye bati la filta nilichora mstari wa kalamu mahali pa kitufe, kwa kuwa verni haikuwepo.

Niliondoka siku ya Jumatatu, asubuhi, kuelekea Kavumu na mbele ya Kavumu. Nilifungua begi mbele ya maman bila kuombwa, nikatoa kitu kimoja kimoja juu ya meza: mita, chuma cha kulehemu, bisibisi sita, suruali mbili. Aliweka mkono juu ya begi kabla sijamaliza.

"Funga, papa," alisema. "Nakuamini."

Alikuwa na maana njema, ingawa mimi nilitamani angehesabu. Nilifunga.

Tonton alinisindikiza hadi barabarani, akabeba begi. Nikamwambia kitanda kinabaki, na msumari ukutani pia. Akasema msumari atautoa kwa sumaku. Kisha gari likaja, nikapanda. Tulipofika Miti dereva alisimama kuongeza abiria, karibu na uwanja wenye majani yaliyokanyagwa. Kulikuwa na mtu anafunga turubai na mwingine anajaribu vyombo, akisema moja, mbili, moja, mbili. Spika zake zilikuwa zinagongana vibaya, boksi la chini limepandishwa mno. Nilisikia kosa lilipo kabla sijaona chochote. Abiria aliyekuwa kando yangu aliniuliza kama nashuka hapo, kwa sababu nilikuwa nimeshika mlango. Nikamwambia hapana, hakuna aliyenituma.